Mikwaruzo ya Bei Ghali

Kuna watu duniani wanalipwa mshahara kukwaruza magitaa mapya. Si utani. Gitaa linatengenezwa, linapakwa rangi, linang'aa, halafu fundi anakabidhiwa kazi ya kulizeesha. Analisugua pale ambapo mkono wa mpigaji ungekuwa umesugua kwa miaka hamsini, anaipasua vanishi iwe na nyufa nyembamba, anazitia skrubu kutu, na pembeni analigonga kwa funguo za mlango. Likishachakaa vya kutosha linalazwa kwenye sanduku zuri pamoja na cheti chenye sahihi ya huyo aliyelichakaza, na bei yake inapanda. Nyuzi alikuwa na gitaa la namna hiyo, na maishani mwake hakuwahi kumiliki kitu kingine cha maana.

Jina la Nyuzi alipewa na wenzake wa bendi, kwa sababu mfukoni mwake nyuzi za akiba hazikosekani, hata akienda msibani. Ujanani alipata mkataba wa kupiga kwenye mahoteli ya nchi za mbali. Wenzake walirudi na magari, na mmoja alirudi na mashine ya kufyatulia matofali. Yeye alirudi na gitaa. Magitaa ya asili ya aina ile, yale ya mwanzo kabisa, yamebaki machache na bei yake ni bei ya nyumba, kwa hiyo kiwanda kilekile kiliamua kutoa marudio: machache, yenye namba, kwa vipimo vya zamani, mbao za zamani, waya wa zamani, hadi uchakavu wa zamani. Hayo marudio ndiyo yanayouzwa bei ya gari dogo. Muuzaji alimwambia hivi: ukitoka nalo dukani litashuka bei, usiogope, wenzake wakiisha litapanda tena. Ila usiguse kitu. Hata skrubu moja usibadilishe. Nyuzi aliyashika maneno hayo kuliko alivyowahi kushika neno la mwalimu yeyote. Alilipiga, akalifuta kwa kitambaa kikavu, akalirudisha sandukuni, basi.

Ubaya ni kwamba hakuwa na ubavu wa kuitaja bei yake ukweni. Hebu fikiria: mwanamume amepanga vyumba viwili, paa linavuja juu ya jiko, atawaambiaje wakwe zake kwamba gari la familia liko chini ya kitanda na lina nyuzi sita? Kwa hiyo walipouliza, alicheka na kusema, "Hili? La mtumba hili. Nililipata karibu bure." Wakwe wakaridhika, maana lilifanana na maneno yake. Aliyejua ukweli ni mkewe peke yake, na yeye alimfichia mumewe aibu hiyo tangu siku ya kwanza. "Siku moja tutalipanda hilo gari lako," alikuwa akimtania.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa alishona mapazia kuliko kitu kingine chochote, mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Jicho lake la kushoto halikuwa na kazi tangu alipougua utotoni, lilimwonyesha vivuli na mwanga wa dirisha tu. Kazi zote zilifanywa na la kulia. Na hilo la kulia ndilo lililoanza kumwonyesha cheche pembeni, kisha weusi ukaanza kuteremka kutoka juu, taratibu, bila maumivu yoyote.

"Miaka yote nawashonea watu mapazia," alisema siku ile, mkono ukiwa bado kwenye gurudumu la cherehani, "leo na mimi nimetundikiwa la kwangu." Akacheka. Nyuzi hakuweza kucheka.

Daktari wa macho hakuzunguka. Alisema ngozi ya ndani ya jicho inabanduka, kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Ikiwahiwa inarudishwa kwa upasuaji, na mama ataona. Ikifika katikati, imekwisha. "Wiki hii," alisema. "Msiniletee wiki ijayo." Vifaa vya upasuaji huo viliagizwa kutoka mbali kwa kila mgonjwa, na havikuagizwa mpaka malipo yote yawe mezani.

Nyuzi alizunguka kila mahali penye mlango. Bendi ilikuwa imekaa bila kazi. Wateja wa mapazia walisikitika sana, wakamwombea mgonjwa, wakafunga milango yao. Mwenye nyumba alimkumbusha ya kwake. Ilipofika jioni maji yalikuwa shingoni, na njia ilibaki moja tu, ile iliyolala chini ya kitanda.

Alimpigia simu dalali wa magitaa, mtu aliyewanunulia matajiri wa ng'ambo vyombo vya namna hiyo. Dalali alitaka picha. Hakutaka picha za gitaa zima, alitaka za uchakavu: kutu ya skrubu, nyufa za vanishi, pale palipolika chini ya mkono, jina la kiwanda lililofifia kichwani mwa gitaa. Kesho yake Nyuzi akapiga picha mchana kweupe, mlango wazi, akazituma. Dalali akapiga mwenyewe.

"Hujaligusa?"

"Tangu nilinunue, sijabadilisha kitu ila nyuzi."

"Basi nalitaka," dalali akasema, na akataja bei. Ilitosha jicho, na ikabaki ya kuziba paa. Angefika Jumamosi na pesa yake.

Nyuzi alipokata simu alikaa chini sakafuni. Mkewe alimpapasa kichwa akakuta kinatetemeka. "Usililie gari, mume wangu," alimwambia, "tutatembea kwa miguu." Kumbe Nyuzi alikuwa akilia kwa furaha.

Kabla ya Jumamosi hiyo daktari alitaka mgonjwa alazwe, alale chali bila kutikisika, wampime kila kipimo, ili siku malipo yakiingia kazi ianze mara moja. Nyuzi angekwenda naye. Na nyumba haikufaa kuachwa tupu na mali kama ile ndani yake, kwa hiyo akamwita shemeji yake aje kulala pale.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wake Mama Mapazia, wa pekee. Dada ndiye aliyemlea mgongoni, na ndiye aliyemlipia ufundi kwa pesa ya mapazia mpaka akawa fundi wa kung'arisha samani ambaye maofisi yalimfuata. Watu walimwita Kioo. Akimaliza meza, humwita mwenye meza, humwinamisha juu yake na kumwuliza, "Unajiona?" Mteja asipojiona, Kioo huchukua msasa akaanza upya, na hatozi zaidi.

"Nauza gitaa," Nyuzi alimwambia. "Mteja anakuja Jumamosi. Pesa yake inatosha jicho la dada yako."

Kioo alilitazama gitaa ndani ya sanduku lake. "Hili hili la mtumba?"

Hapo ndipo Nyuzi alipopata nafasi ya kusema ukweli, na mimi nikimfikiria mahali pale natamani kumshika mabega nimtikise. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini angeanzaje? Aseme kwamba miaka yote ambayo dada wa mtu alishona akiwa na homa ili kodi itimie, thamani yote ile ilikuwa imelala chini ya godoro lake? Akaona haya. "Kuna watu wana pesa ya kuchezea, shemeji," akasema. Akampa ufunguo.

Kioo alibaki na gitaa, na akili yake ikafanya kazi kama akili ya fundi mwema inavyofanya. Mteja ameona picha tu. Picha huficha. Siku atakapoliona kwa macho yake, na makovu yote yale, na kutu, na vanishi iliyopasukapasuka, si atageuza gari arudi alikotoka? Na jicho la dada je? Kioo hakutaka jicho la dada yake litegemee upofu wa mteja. Akalibeba gitaa hadi karakana yake.

Ijumaa Nyuzi alirudi na mkewe amemshika mkono. Daktari alikuwa amemruhusu akalale nyumbani, kwa kuwa Jumamosi malipo yangekuja. Weusi ulikuwa umefika usawa wa mdomo wa mtu anayemtazama: aliona videvu vya watu na vifua vyao. Kioo aliwafungulia mlango. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la msasa, na alikuwa anacheka peke yake.

"Karibuni ndani. Karibuni muone."

Gitaa lilikuwa limesimamishwa mezani, juu ya shuka safi. Lilikuwa jekundu pyu. Mikwaruzo yote ilikuwa imetoweka. Skrubu zilikuwa mpya, zinameta. Kichwani, pale palipokuwa na jina la kiwanda na nyuma yake namba, palikuwa na wekundu mtupu, laini, usio na doa.

"Lile jina lilikuwa linabanduka, lilinichafulia kazi, nikalitoa," Kioo akaeleza. "Skrubu za kutu nimezitupa. Tabaka saba za vanishi, shemeji, na kila moja nimeipiga msasa. Hata meza ya mkurugenzi sijawahi kuifanyia hivi." Akamvuta Nyuzi kwa bega, akamwinamisha. "Unajiona?"

Nyuzi alijiona. Aliona uso wake mzima kwenye gitaa, mdomo umeachama. Maneno yaliyopanda kooni mwake yalikuwa mabaya, na laiti yangetoka, undugu ule ungeishia pale pale. Lakini mkewe alikuwa ameshapita mbele. Hakuliona vizuri, kwa hiyo alilisoma kwa kiganja. Alipapasa mwili, akapatafuta pale palipolika chini ya mkono, akapita, akarudi, akapatafuta tena. Alipapasa kichwa cha gitaa. Kisha akanyoosha mkono mwingine nyuma, akaushika wa mumewe na kuubana mpaka kucha zikaingia.

"Laini," akasema. "Umefanya kazi, mdogo wangu."

"Wewe ulinilipia nijifunze, dada," Kioo akajibu.

Alipoondoka, Nyuzi aliketi kitandani akajipiga paji la uso kwa ngumi. Alitaka kumfuata amwambie. Mkewe aliuziba mlango kwa mikono miwili.

"Umwambie ili iweje? Rangi itarudi?"

"Lazima ajue alichofanya!"

"Alichofanya ni kutaka nione," mkewe akasema. "Ukimwambia, kesho atauza mashine yake ya kupulizia rangi, na haitatosha. Kisha hatashika brashi tena maisha yake. Namjua, nimemlea. Hilo la mtumba ulilisema wewe, na mimi nikanyamaza. Tulibebe sisi."

Nyuzi alinyanyuka kitandani. Alichukua gitaa, akalichomeka kwenye spika, akapiga. Sauti ilikuwa ileile. Ilikuwa ileile kabisa, na akajipa moyo kwa hilo kama mjinga, akajiambia kwamba gitaa ni sauti, na mtu mzima hawezi kusafiri kote huko kuja kununua mikwaruzo.

Dalali alifika Jumamosi asubuhi na mkoba. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Alilitazama sanduku likifunguliwa, akatazama ndani, kisha akamtazama Nyuzi akisubiri aletewe gitaa lenyewe.

"Ndilo hili," Nyuzi akasema.

Dalali alivaa miwani. Hakuligusa kwa muda. Kisha alilitoa, akaligeuza, akatazama kichwa, akatazama nyuma ya kichwa, akatazama skrubu. "Nani amekufanyia hivi?" akauliza, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ajali.

"Mbao ni zilezile," Nyuzi akasema. "Waya ni uleule. Lisikilize kwanza, mzee. Lisikilize tu." Akapiga. Alipiga kwa namna ambayo hajawahi kupiga mbele ya ukumbi uliojaa, jasho likimtiririka, na chumba cha pili mkewe alikuwa amelala chali, hatikisiki, anasikiliza kila kitu.

"Linalia vizuri," dalali akakiri. "Lakini wanaonunua kwangu hawapigi, bwana. Wanatundika. Wananunua mkono wa yule fundi aliyelizeesha, na jina, na namba. Skrubu zikibadilishwa nakata kidogo. Rangi ikiguswa nakata nusu. Namba ikifutwa, hiki cheti chako ni cha gitaa gani? Nikiwapelekea hili wataniita mwizi." Akalirudisha sandukuni kwa uangalifu uleule ambao angelitendea gitaa zima. "Naweza kukupa bei ya vipuri. Sumaku zake za sauti, shingo, na sanduku. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Bei ya vipuri haikufika hata robo ya jicho. Nyuzi alikataa. Dalali akaaga, akafika hadi kwenye gari, na Nyuzi akamkimbilia peku, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya majirani.

"Mke wangu anapofuka," akasema. "Sikutishi, wala sikuongopei. Yuko humo ndani amelala. Nipe ile ya kwanza, nitakupigia bure popote unapotaka mpaka nife."

Dalali alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Aliongeza kidogo kutoka mfukoni mwake mwenyewe, na ilikuwa sadaka, si bei. Akaondoka na gitaa.

Nyuzi aliipeleka pesa hiyo hospitali siku hiyohiyo. Mhasibu aliihesabu kwa heshima na kumrudishia kwa heshima. Alirudi kwa wenzake wa bendi, akarudi kwa mwenye nyumba, akarudi kwa wateja wa mapazia ambao sasa walimwona kwa mbali wakajifanya hawapo. Aliwapigia madalali wengine, na kila mmoja alitaka picha. Hakuwa na picha isipokuwa zile za zamani, za mikwaruzo. Usiku wa Jumapili mkewe alimwambia haoni tena videvu. Juma lilipogeuka, daktari alimtazama tena kwa taa yake ndogo, akaizima, akamwekea mkono begani. Ilikuwa imeshapita katikati.

Wakati huo wote Kioo hakuwapo. Alikuwa amepata kazi ya milango ya hoteli mji mwingine, akaondoka ile Jumamosi mchana baada ya kuuliza kwenye simu neno moja tu: "Kalichukua?" Na Nyuzi alikuwa amejibu, "Kalichukua." Kioo akapiga kelele za shangwe mpaka simu ikakwaruza.

Alirudi mwezi ulipokuwa unaisha, na hakurudi mikono mitupu. Alishuka kwenye kigari cha mizigo na meza ya cherehani, mpya, ya mbao nzito, aliyoitengeneza kwa mabaki ya milango ile. Mama Mapazia alikuwa ameketi kwenye kiti chake, karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye mwanga, kwa sababu mwanga ndio kitu pekee ambacho jicho la kushoto liliweza kumpa. Nywele amezisuka, khanga safi. Aliisikia sauti ya mdogo wake tangu barabarani akajiweka sawa.

"Dada! Mbona hawakukufunga bandeji?"

"Bandeji za nini siku hizi? Wanapiga mwanga tu, unarudi nyumbani," akasema. "Njoo hapa, umekonda."

Kioo akacheka, maana kweli alikuwa amekonda. Hakuwaza kwamba dada yake husema hivyo kwa kila anayerudi safari. Nyuzi alikuwa amesimama kwenye kona ambako zamani aliegemeza sanduku, mikono haina pa kushika. Kioo alimpiga begani.

"Shemeji, sema ukweli. Bila ule wekundu angelichukua?"

"Asingelichukua kwa bei ile," Nyuzi akasema. Hakuna neno la uongo katika jibu hilo, na ndilo lililomkaa kooni zaidi ya uongo wote aliowahi kusema ukweni.

"Si mnaona!" Kioo akaibeba meza, akaitua mbele ya dada yake, akaifuta vumbi la safari kwa mkono wa shati. "Hii ni ya kuanzia kazi upya. Tabaka saba, kama gitaa. Inama, dada. Inama utazame."

Akainama. Aliweka viganja viwili kwenye kingo za meza apate kujua mwisho wake, akashusha uso polepole mpaka pumzi yake ikatia ukungu juu ya vanishi. Kioo alikuwa amechuchumaa upande wa pili, kidevu mezani, anamsubiri.

"Unajiona?"

"Najiona," Mama Mapazia akasema. "Najiona mpaka kope."

Nyuzi akatoka nje.